Verna Akata Mpira wa Maji

Verna Stachowiak hakuwa mtu wa kuomba. Msimamizi wa kiwanda, Gordon Thiede, alipotangaza kwamba mtambo wa kupoza mchanga unafungiwa vipimo vipya na sasa utajiendesha wenyewe, Verna hakumwomba asimfukuze. Alipanda ngazi hadi ofisini, akaketi bila kukaribishwa, akataja anachotaka.

"Kiti cha kwenye skrini ya kuusimamia mtambo ni changu. Pamoja na daraja la fundi."

"Verna, wewe ni mtu wa beleshi bwana!"

"Na huo mchanga nani anaujua, wewe? Mchanga ukitulia, ukatoka umepoa sawasawa kufikia Ijumaa, unanipa kiti na daraja. Usipotulia, nirudishe chini ya mkanda wa mchanga nichote mpaka nistaafu, na sitafungua mdomo."

Thiede akacheka, wakapeana mikono. Anayecheka katikati ya mapatano hajapiga hesabu vizuri.

Kiwanda kile cha kusubu chuma, yaani kukiyeyusha na kukimimina kwenye kalibu, kando ya mto Fox, hutumia mchanga uleule tena na tena. Chuma kikishaganda, kalibu ya mchanga huvunjwa, na mchanga hurudi kwenye mkanda ukiwa wa moto wa kubabua kiganja. Usipopozwa sawasawa, kalibu inayofuata inameguka na chuma kinatoka na ngozi ya chura. Miaka yote Verna alifungulia maji kwa mkono, akafinya tonge la mchanga, akakadiria. Sasa vipimo vingesoma joto na unyevu mchanga unapoingia, na maji yangejifungulia yenyewe kwa kiasi kinachotakiwa.

Haikuwa hivyo. Mchanga ulitoka mara tope, mara vumbi. Fundi aliyeleta vipimo alivifungua, akavisafisha, akavirudisha, vilikuwa vizima. Thiede akaanza kusema ving'olewe.

Verna alijua kinachoendelea, kama walivyojua wote pale chini. Kwenye kona, kabla mkanda haujaingia mtamboni, ulining'inia mpira wa maji. Watengeneza kalibu walikuwa na mazoea: ukipita ukaona mchanga unafuka, unaurushia maji, "unaunywesha." Hata Verna alifundishwa hivyo. Kipimo kilipokutana na majimaji yale ya juujuu kilidhani mchanga umeshiba, kikafunga maji, huku ndani bado unatokota.

Alhamisi, wakati wa chakula, alimfuata Duane Pelkey, mtengeneza kalibu na mume wa mdogo wake, aliyekuwa akitafuna soseji.

"Shemeji, acheni kuunywesha mchanga."

"Babu yangu aliunywesha, baba akaunywesha. Leo niiachie televisheni?"

"Babu yako alikuwa anakwenda chooni nje kwenye theluji. Mbona hapo humfuati?"

Meza nzima ikaangua kicheko. Duane hakucheka.

"Wewe unautaka ubosi tu. Leo mtambo unakula kazi ya beleshi, kesho unakula yangu."

"Utakula tu, upende usipende. Mimi nataka niwe naushika, siyo natafunwa."

Kazi ilipoanza tena, Duane alikwenda moja kwa moja kwenye kona, akautoa mpira, akaufungulia mpaka mwisho huku akimkazia Verna macho. Verna akamfuata. Alifunga bomba, akachomoa kisu chake cha kuchunia mawindo, akaukata mpira vipande mbele ya kila mtu.

"Mali ya kiwanda hiyo!" mmoja akafoka.

"Kanishtaki."

"Jumapili usikanyage kwangu kutazama mechi," Duane akasema.

"Nitakuja. Na bia nitakunywa yako."

Mchana kutwa alisimama pale kwenye kona. Wengine walipita wakamtukana, mmoja akatishia kumwita mtu wa chama cha wafanyakazi. Hakusogea. Ijumaa mchanga ulitoka wa namna ileile toka asubuhi, umepoa, unashikamana vizuri.

"Ungenitajia tu nani anamwaga maji," Thiede alimwambia ofisini, "ningemshughulikia."

"Hilo hatukupatana. Mchanga umetulia, haujatulia?"

"Umetulia. Chukua kiti. Daraja tutaliangalia mwakani."

Verna akainuka.

"Basi mweke mwingine. Mimi nakwenda kuchota. Ila watu wa chini wakishajua sipo kwenye kile kiti, mpira mwingine utafungwa kabla hujamaliza kahawa yako, na nani atashuka kuukata? Wewe?"

Thiede alitazama dirishani, kule kwenye kona, ambako Duane na wenzake walikuwa wamekusanyika wakilitazama bomba tupu. Akavuta karatasi, akaandika daraja, akaweka sahihi.

Verna aliisoma mara mbili, kisha akashuka. Duane alikuwa amesimama mbele ya skrini, kiganja kimefumbata tonge la mchanga.

"Mchanga ukoje?" Verna akamuuliza.

"Umepoa," Duane akajibu kwa shingo upande. "Lakini bado wewe ni msaliti."

"Sawa. Sogea, unaniziba."