Nilipokunywa Kabla ya Mwenyeji

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, ni ile niliyokaa jikoni kwa Bibi Manka kwa sababu ya adabu, na adabu hiyo ikakaribia kuniua.

Nilikuwa nimetoka chuoni Morogoro na kupata kazi ya kwanza, afisa mifugo huko Kibosho. Ilikuwa miaka ile soko la kahawa limeachiwa huru na bei zinayumba, watu wakaanza kuwatunza ng'ombe wa maziwa zaidi kuliko walivyotunza mibuni. Wazee walinitania, "Bwana mifugo gani huyu anavaa sketi?" Nilicheka nao, kisha nikalitafuna neno hilo wiki nzima. Ndivyo nilivyokuwa. Hata salamu niliipima mara tatu kabla ya kuitoa.

Nina pumu tangu utotoni, lakini kazini sikumwambia mtu. Niliogopa waseme, elimu yote ile, kumbe hawezi hata vumbi la nyasi kavu. Dawa yangu ya kuvuta niliificha chini kabisa ya mkoba, chini ya sindano za ng'ombe.

Bibi Manka alikuwa mjane mwenye ng'ombe mmoja. Siku hiyo mvua ilinyesha tangu asubuhi. Nilipomaliza kumtibu ng'ombe wake, akanishika mkono. "Huondoki hivi hivi. Ingia jikoni upate joto."

Mkoba niliuacha bandani. Kuni zilikuwa mbichi, moshi umetanda mpaka darini. Akachota mbege, pombe yetu ya ndizi, kwa kata ya kibuyu, akaonja yeye kwanza, maana kwetu mwenyeji huonja ili mgeni ajue hakuna kilichotiwa ndani, kisha akanipa. Kifua kilishaanza kubana. Nikawaza: nikitoka, ataona nimeidharau nyumba yake. Nikikohoa, atadhani mbege imeharibika. Nikisema nina pumu, kesho kijiji kizima kitajua. Nilikuwa bado nawaza nilipoanguka.

Majirani walinibeba mpaka barabarani, na gari la ndizi likanishusha hospitali mjini. Siku nne nilipumua kwa mashine. Wiki tatu nilikaa kwa shangazi yangu huko Rau, nikijifunza upya kutembea hadi kisimani bila kusimama njiani. Pumzi ikarudi. Aibu haikuondoka.

Niliporudi kazini nilizungukia kila nyumba isipokuwa ile. Nilipita chini, kando ya mfereji, ili bibi asinione. Kwenye daftari niliandika maneno ya kumwomba radhi kwa hofu niliyomtia, nikayafuta, nikayaandika tena. Zikapita wiki tano.

Aliyenizindua ni Mzee Aloyce, mwenyekiti wa chama chetu cha wafugaji. Alinikuta mferejini, viatu mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Siku hizi unatibu na vyura?"

Nikainama kuvaa viatu. Akaacha utani.

"Binti, unajua kwamba tangu uanguke hakuna anayekunywa kwa Manka? Wanasema alikutilia kitu. Wengine walisema tungoje, akipona tutaona kama atakwenda kwake. Umepona, na unapita mferejini. Basi wamepata jibu lao."

"Lakini mzee, ile ni pumu! Ninayo tangu mtoto."

"Nani anajua?"

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilificha yangu, yakamuumbua mwanamke mzee aliyenikaribisha motoni kwake.

Jumapili baada ya misa nilikwenda, Mzee Aloyce akaja na majirani wanne. Bibi Manka alikuwa uani, amekonda. Aliitikia shikamoo yangu bila kunitazama.

"Umekuja kuniaga au kunishtaki?"

Maneno yote ya kwenye daftari yalinitoroka. Nikatoa dawa yangu, nikaiinua mbele ya watu. "Bibi, nina pumu. Moshi ndio ulionibana. Niliona aibu kusema, na nikaona aibu kurudi."

Aliingia ndani, akarudi na kata ya mbege. Akaiinua aonje kwanza, kama inavyopasa. Na hapo, mwanangu, kwa mara ya kwanza maishani sikufikiri. Niliishika ile kata kabla haijafika mdomoni mwake, nikanywa mimi.

Kisha mama mmoja akasema, "Wewe! Usimalize, na sisi tuna kiu!" Watu wakacheka, kata ikazunguka kwa wote.

Bibi Manka akanipiga kofi dogo begani. "Mjinga wewe. Miezi miwili nakunywa peke yangu kama mchawi. Ungesema tu, 'Bibi, moshi unanibana,' ningekutolea kigoda hapa nje. Kigoda ninacho."

Kigoda alikuwa nacho kweli. Nilikikalia miaka mingi, mpaka tulipomzika.

Nakuandikia haya kwa kuwa unarudi kazini wiki ijayo, baada ya pumu kukuangusha huko, na kifua kile kile ulichorithi kwangu, na kichwa kile kile pia. Weka dawa juu kabisa ya mkoba. Sema ugonjwa wako mapema, kwa sauti ile ile unayoombea maji ya kunywa. Na siku ya kwanza nenda pale ulipoangukia kabla ya kwenda kwingine, maana waliokuona ukianguka nao wana jeraha lao. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nilidhani huo ni msemo wa kukaribishana tu, mpaka nilipomwona Bibi Manka akicheka.

Mungu akupe pumzi ndefu, mwanangu, na katika kila nyumba utakayoingia asikose mtu wa kukutolea kigoda nje.