Matawi Mawili ya Zawadi

Mafundi wa mitumbwi wanapochemsha lami kwenye ufuo wa Kalundu, hapa kwetu Uvira, harufu yake hupanda hadi barabarani, na mimi nikipita pale nimepakiwa kwenye pikipiki huziba pua. Wengine huipenda harufu hiyo. Hunata kooni kama dawa ya kikohozi. Kwangu mimi si harufu ya mitumbwi hata kidogo. Ni harufu ya afishi, bango la kutangazia filamu. Ni harufu ya matawi mawili niliyoyachora na kuyafuta na kuyachora tena mpaka turubai likaanza kutoboka, na ambayo mpaka leo hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba yalikuwa mazuri.

Nitawasimulia, ingawa naona haya, kwa maana mtagundua kwamba sijabadilika.

Papa mdogo Bahati, anayemfuata baba yangu kwa kuzaliwa, alikuwa na chumba cha video mtaa wa Mulongwe, jirani na nyumba yetu, si mbali na mto. Kuta za mbao, bati juu, mabenchi, televisheni moja pana na jenereta iliyokohoa huko nyuma. Sehemu kubwa ya mwaka alionyesha filamu za ngumi na mpira wa Ulaya. Lakini miezi ya mwanzo, redio ilipoanza kusema kwamba Wamarekani wanajiandaa kugawa tuzo zao za filamu, alikuwa mtu mwingine. Alivaa shati la kanisani siku za kazi. Alizitafuta filamu zilizotajwa, akazikusanya kwenye flashi, na kutangaza Juma la Zawadi.

Watu wa Mulongwe walizitazama filamu hizo kwa uvumilivu ambao sijauona tena. Mwanamke wa Kizungu aliosha sahani, akatazama dirishani, akaosha sahani nyingine, mpaka mtu wa nyuma akauliza, "Sasa huyu ataua nani?" Papa mdogo alisimama kando ya televisheni akitugeuzia Kifaransa kwa Kiswahili. Alijibu bila kugeuka, "Haue muntu. Iko nawaza." Mwisho wa juma tulipiga kura kwa makofi na kuchagua mshindi wetu. Marekani ikichagua mwingine, tulisema wamekosea, tukaenda nyumbani.

Afishi zilitoka Bujumbura, zimechapishwa. Lakini mwaka ninaousimulia, mpaka wa Burundi ulikuwa mgumu kuvuka, na papa mdogo akanikumbuka mimi, msichana wa shule ya msingi aliyejaza ukuta wa jiko la mama yake picha za makaa. Hakuna aliyenifundisha. Nilinakili makopo ya maziwa, mifuko ya unga, kalenda za parokia. Akaniletea kipande cha turubai, akaniambia, "Sale ikijala siku ya posho, afishi yote ya hapa itakuwa ya kwako. Hata ya mupira." Alimaanisha chumba chake kikijaa, na siku ya posho ndiyo Jumamosi kwetu. Sikulala vizuri juma zima. Sikutaka kitu kingine chochote duniani zaidi ya hizo afishi.

Alinionyesha mifano kwenye simu yake. Kitu kilichonishika mara moja ni majani. Kila afishi ya msimu ule ilikuwa na majani mawili madogo yaliyopinda yakitazamana, na katikati yake maneno machache.

"Yale majani njo cheo ya filime," papa mdogo alisema. "Filime bila majani ni ya bure."

Ni majani ya mti gani, hakujua. Mimi pia sikujua, na nawahakikishia kwamba hakuna mtu Uvira aliyekuwa na mti huo uani kwake. Jani pekee nililolifahamu ambalo hupinda kwa heshima namna ile ni tawi la mchikichi. Basi nikachora matawi ya mchikichi. Na kwa kuwa ndiyo yalikuwa cheo, niliyafanya makubwa, kutoka chini ya turubai mpaka juu.

Rangi ya nyuma ya afishi za simuni ilikuwa nyeusi. Sikuwa na rangi nyeusi, kwa hiyo nilikwenda Kalundu kuomba lami kwa fundi mmoja, nikaizimua kwa mafuta ya taa, nikapaka. Nyumba ilinuka mpaka mama akahamishia kitanda changu uani, mimi na turubai langu.

Uso haukunisumbua. Picha ya mcheza filamu ilikuwa ndogo kama kucha, na kioo cha simu kilikuwa kimepasuka katikati ya pua yake. Ng'ambo ya barabara aliketi Mama Ombeni, aliyekuwa akikaanga ndakala, wale samaki wadogo wa ziwani, na kuwauza kwenye sinia. Alikuwa na tabia nzuri ya kutulia. Nikauchora uso wake alasiri moja, bila kufuta mahali, kwa sababu sikuujali. Niliona tu kwamba jicho moja limetoka kubwa kuliko lingine. Nikajiambia nitalirekebisha nikimaliza majani.

Sikumaliza majani. Tawi la kushoto lilikuwa nene, nikalipunguza. Likawa jembamba kuliko la kulia, nikapunguza la kulia. Papa mdogo alipita akasimama juu yangu.

"Ile jani iko na shida gani tena?"

"Ya kushoto inalala."

"Weye, watu watakuja kuona filime. Hawakuji kuona majani."

Nilimchukia siku nzima. Kisha yakaja maandishi. "Juma la Zawadi" yalikataa kukaa sawa. Neno la kwanza lilisukuma la mwisho kwenye tawi. Lakini ZAWADI peke yake, kwa herufi kubwa nyeupe, lilitulia katikati kama limezaliwa pale. Chini yake nikaandika: siku ya posho, saa nane. Maneno mengine yote niliyaondoa. Yaliharibu mpangilio.

Afishi ilipaswa kutundikwa katikati ya juma. Niliitoa Jumamosi yenyewe asubuhi, lami bado inanata. Papa mdogo aliipigilia misumari mlangoni bila hata kuitazama, akakimbilia kutafuta mafuta ya jenereta. Mimi nikajibanza kwenye kibanda cha mwuza vocha ili niwaone watu wakiyaona majani yangu.

Mzee mmoja akapita, akasimama, akavua kofia.

Sitaweza kuwaeleza furaha ile. Nilidhani ni kwa ajili ya majani. Akaja mwanamke mwenye mzigo wa sombe, majani ya muhogo, akatazama, akaweka mikono kichwani. Nikajiambia, naam. Wakaongezeka. Walinong'onezana. Kisha akafika Mama Sifa, mke wa kaka yake Mama Ombeni, akasogea karibu kabisa na turubai, akasema, "Zawadi." Nikafurahi kwamba anasoma. Akasema tena, "Zawadi wetu. Na jana aliniwekea samaki," kisha akaketi vumbini.

Mpaka hapo bado sikuelewa. Mtoto wa kwetu hamwiti mama mzima kwa jina lake. Kwangu mimi tangu nizaliwe alikuwa Mama Ombeni, kwa jina la mwanawe wa kwanza, na isingenijia akilini kwamba kabla ya Ombeni alikuwa na jina jingine. Watu wazima walilijua. Nao walichokuwa wakikiona mlangoni ni uso wa Zawadi kwenye weusi, katikati ya matawi ya mchikichi, yale yale tunayoyachomeka njiani nyumba ikiwa na kilio, na chini yake siku na saa ya kuzika. Na mahali pake ng'ambo ya barabara palikuwa patupu, mlango wa nyumba yake umefungwa. Alikuwa ameondoka alfajiri kwenda Kalundu kungoja samaki, na boti ilichelewa.

Vijana walikuwa wameshakata matawi ya kweli na kuyachomeka kwenye mdomo wa njia. Mmoja akanijia.

"Weye mutoto, funguo ya sale iko wapi? Tunataka mabenchi ya kilio."

"Kilio ya nani?"

"Ya Mama Ombeni. Haukuona picha?"

Nikapiga kelele kwamba ni afishi, ni mimi nimeichora, ni filamu. Mama mmoja akanibana kwenye kitenge chake akanipapasa kichwa. "Nyamaza, mwanangu. Sisi wote tulimupenda." Mlango ukasukumwa. Mabenchi ya papa mdogo yakatoka moja baada ya jingine, yakavuka barabara, yakapangwa mbele ya nyumba ya Mama Ombeni. Jirani akazima redio. Wanawake wakatandika mikeka, na kilio kikaanza kwa dhati.

Karibu na saa nane Mama Ombeni akatokea upande wa Kalundu, beseni kichwani. Akaona matawi njiani kwake. Akatua beseni, akafungua kitambaa cha kichwa akajifunga kiunoni, akaingia kwenye mkeka wa nyuma akilia kwa nguvu kuliko wote. Alilia kwa muda kabla ya kumgusa bega aliyekuwa mbele yake.

"Mama, tuko nalilia nani?"

Yule wa mbele, bila kugeuka: "Zawadi, mama. Zawadi wa ndakala."

"Zawadi wa ndakala ni minye," alisema, akijigonga kifua.

Yule mama akageuka. Sitayaelezea yaliyofuata, kwa sababu wengine walikimbia na wengine walimng'ang'ania wamshike waone kama ana joto. Mzee wa kofia alikuwa wa kwanza kucheka. "Na saa ya kuzika walishaandika," alisema. "Zawadi, umechelewa kilio yako." Mama Ombeni alifuta macho na kuuliza kama kuna aliyeleta chakula. Kilikuwepo. Wakala.

Papa mdogo alirudi na dumu lake, akakuta chumba hakina benchi na watazamaji wake wote wako ng'ambo ya barabara wakimsimulia marehemu jinsi walivyomlilia. Hakuna aliyekuja kwenye filamu. Nani angemwacha mtu aliyefufuka akatazame mwanamke anayeosha sahani?

Hakunipiga. Ingekuwa afadhali. Aling'oa misumari taratibu, akakunja turubai. "Minye nilikuambia, majani," alisema, na hiyo ndiyo ilikuwa hukumu. Mwaka uliofuata afishi zilitoka Bujumbura, na hata baadaye, mpaka mto ulipopanda ukabeba ule ukuta wa mbao na mlango wake. Majani ya Bujumbura yalikuwa madogo na yamepauka, moja limekatwa na mkasi wa mchapishaji, na hakuna aliyelalamika.

Mama Ombeni aliliomba turubai. Nilidhani angalau mtu mmoja amelipenda. Nilipoingia kwake siku chache baadaye, uso ulikuwa umetundikwa juu ya meza. Uso peke yake. Matawi alikuwa ameyakata kwa kisu, kwa kuogopa kuyaweka ndani ya nyumba, na moja nililitambua chini ya jiko, limekunjwa kuzuia jiko lisiyumbe.

Nililia kwa ajili ya lile tawi. Si kwa ajili ya papa mdogo, wala kwa waliolia bure. Na nilipomaliza kulia nilimwambia Mama Ombeni kwamba kwenye uso kuna kosa, jicho, na kama ataniruhusu nitalirekebisha.

"Weye uache," alisema.

Niliomba tena nilipoingia sekondari. Niliomba nilipopata simu na kuanza kujifunza kutengeneza afishi kwa vidole, bila mwalimu, video baada ya video. Jibu lilikuwa lile lile. Sasa hiyo ndiyo kazi yangu, na ninachoombwa zaidi ni matangazo ya misiba. Watu wananisifu kwa hayo. Mnaweza kufikiria jinsi sifa hiyo inavyoniuma.

Mwaka huu vijana wa hapa Uvira waliotengeneza filamu fupi wameniomba afishi yenye majani mawili, kwa sababu filamu yao ilipata tuzo mahali. Nimeyasogeza majani hayo kwenye kioo mpaka vidole vikauma. La kushoto linalala. Juzi, kwa hasira, nikatoka kwenda kununua ndakala, na kwa kuwa foleni ilikuwa ndefu na sikuwa na kingine cha kutazama, nikamtazama Mama Ombeni akigeuza samaki, jua likimpiga usoni.

Jicho moja ni kubwa kuliko lingine. La kulia. Ndivyo lilivyo, tangu zamani, na kila mtu Mulongwe alilijua, ndiyo sababu walimtambua wakiwa barabarani wakalia bila kuuliza. Miaka yote hiyo nilikuwa nikiomba ruhusa ya kuliharibu.

Alinipa samaki, akaona ninavyomkodolea.

"Ni nini tena? Ile jicho?"

"Hapana, mama," nikasema. "Jicho iko sawa."

Nilirudi nyumbani nikafungua simu. Tawi la kushoto bado lilikuwa linalala. Nikakaa chini, nikaanza kulinyoosha.