Nilivyowachagulia Argentina

Mimi ndiye niliyewachagulia Argentina. Nataka hilo lijulikane tangu mwanzo, kwa sababu kwa miaka mingi nimekisimulia kisa hiki kana kwamba mwenye makosa ni madam peke yake, na watu wakinisikiliza hutikisa vichwa na kusema, Waarabu hao. Madam ana makosa yake, tena makubwa, na sitamfichia hata moja. Lakini wazo la Argentina lilitoka kichwani mwangu.

Nilikuwa nafanya kazi katika nyumba moja ya mtaa wa Al-Rawdah, Jeddah. Watoto watatu, baba, madam, na bibi mzaa baba ambaye hakuweza kushuka ngazi bila kushikwa mkono. Nilikwenda kule na cheti cha utalii kutoka chuo kimoja cha Kakamega, kwa kuwa ajenti wa Nairobi alituapia kwamba hoteli za Saudia zinatafuta wasichana wa mapokezi. Uwanja wa ndege nikampata baba wa nyumba ile amesimama na karatasi yenye picha yangu. Akachukua paspoti yangu, akanipakia garini, akanishusha mlango wa jikoni. Cheti nilikuwa nimekifunga kwa plastiki kisilowe. Kililala chini ya godoro langu miaka miwili, na kila nilipotandika kitanda nilimlaani yule ajenti.

Miezi sita baada ya kufika, mama yangu akafa. Madam alinipa siku moja ya kulia, na nusu ya siku hiyo nilikuwa napiga pasi. Mkataba ni miaka miwili, alisema, kabla ya hapo mafi safari, hakuna kusafiri. Wakamzika bila mimi. Wajomba zangu ni watu wagumu, lakini katika hilo walinifanyia wema: walisema makumbusho ya mama hayatafanywa mpaka mtoto wa kwanza awepo, na mtoto wa kwanza ni mimi. Ikapangwa Agosti, shule zikiwa zimefungwa na miaka yangu miwili imetimia. Mwaka ule sikuwa na haja nyingine duniani. Nilikuwa nataka kusimama kwenye kaburi la mama pamoja na ndugu zangu, basi.

Sasa, likizo za kiangazi za familia ile. Zilipangwa kwa mashindano, kama kwetu watu wanavyoshindana kwa harusi. Dada zake madam walikuwa wameshamaliza London, wameshamaliza Uswisi, na kila aliyerudi aliwakalisha wenzake sebuleni Ijumaa nzima akiwaonyesha picha. Mwaka wangu wa kwanza waajiri wangu walikwenda Uturuki siku kumi, mimi nikaachwa na bibi. Siku kumi za kumgeuza, kumwogesha na kumsikiliza akimwita marehemu mumewe. Kwa hiyo mwaka wa pili, madam aliponiita mezani na ile tableti yake nimsaidie kusoma tovuti za Kiingereza, nilikuwa nimeshapiga hesabu zangu.

Hesabu yenyewe ilikuwa hivi. Wakienda karibu, watakwenda siku chache, na mimi nitabaki na bibi. Wakienda mbali sana, watakaa muda mrefu, bibi atapelekwa kwa mwanawe mwingine Taif kwenye baridi, nyumba itafungwa, na mimi hawatakuwa na pa kuniweka ila kwetu. Kadiri watakavyokwenda mbali ndivyo nitakavyofika nyumbani. Niliiona akili kubwa mno. Hata leo nikiikumbuka natamani kujizaba kofi.

"Uturuki tena?" nilimuuliza madam kwa ule mchanganyiko wetu wa Kiarabu cha jikoni na Kiingereza. "Kila mtu anaenda Uturuki."

"Watoto wanataka theluji. Agosti hakuna theluji."

"Iko, madam. Agosti, Argentina, theluji mpaka magoti."

Hakuamini. Nikamfungulia picha za Bariloche, mji wa kusini huko wenye ziwa na milima, watu wamevaa makoti mwezi wa Agosti. Nje joto lilikuwa limechemsha maji ya bomba hadi hatukuweza kuyashika. Madam alizikodolea macho picha zile, kisha akasema dada zake hawajafika huko hata mmoja. Nikajua nimempata.

Na nikiri jambo lingine ambalo si rahisi kulikiri: niliifurahia kazi ile. Miaka miwili nilikuwa mikono na miguu tu, sasa kuna mtu anatumia kichwa changu. Nilinunuliwa daftari. Nikaandika siku ishirini na sita, asubuhi hadi jioni: Buenos Aires siku nne wapumzike, kisha ndege ya kusini, hoteli yenye vyumba vinavyopakana ili wazazi wawasikie watoto, mahali pa kupata nyama ya halali, upande wa kibla kwa kila mji. Niliwatafutia hata mwalimu wa kuteleza kwenye theluji anayejua kuzungumza na watoto. Ramadhani ilipoanza, ndugu walipokuja kufuturu, madam aliwasomea daftari langu kwa sauti. Baba akauliza nani amepanga vizuri namna hii. Madam akasema, "Mimi." Nilikuwa nimesimama pale na sinia ya sambusa.

Niliumeza uwongo ule bila kutafuna. Nilijiambia, achukue sifa, mimi nichukue Agosti yangu.

Wiki iliyofuata, nikiwa nakata vitunguu, madam aliingia jikoni akaniambia nikapigwe picha ndogo za visa.

"Visa ya nani?"

"Yako. Nani atamshika mtoto mdogo kwenye theluji? Mimi?"

Niliweka kisu chini. Nilimkumbusha polepole kwamba likizo yangu imefika, kwamba ni Agosti hiyohiyo, kwamba alikubali, na kwamba kule kwetu wananingoja kwa ajili ya mama. Alinitazama kwa mshangao wa kweli, na mshangao huo ndio ulionichoma kuliko matusi. Alidhani ananipa zawadi.

"Lakini hii ndiyo likizo yako," akasema. "Wasichana wangapi wa Kenya wanaona Argentina? Sema alhamdulillahi. Kenya utaenda mwakani. Halas, yamekwisha."

Akatoka. Mimi nikabaki na vitunguu vyangu. Ati likizo! Kuwavalisha watoto watatu makoti, kuwavua, kuwafulia, kulala na mdogo anayekojoa kitandani, ila safari hii kwenye baridi ya kukata masikio, halafu niseme alhamdulillahi. Na kila kilomita ya safari ile nilikuwa nimeitafuta mwenyewe. Wangekwenda Uturuki siku kumi, ningeachwa na bibi siku kumi, kisha ningeondoka. Mahali pa mbali namna ile, madam hakuthubutu kwenda bila mfanyakazi. Hilo sikulitia katika hesabu hata kidogo.

Nilimpigia mdogo wangu simu.

"Dada, Argentina?" akasema. "Kwani umekuwa mchezaji wa mpira?"

"Usinichekeshe."

"Aki sicheki. Hema na viti tumeshaagiza. Kwaya ya kanisa imekubali. Wajomba wamesema Agosti ni Agosti, hawasongezi tena. Si uwaambie tu ukweli?"

"Nimewaambia."

"Basi waambie tena," akasema, naye akaanza kulia, na mimi nikakata simu kwa sababu mtoto alikuwa ananiita.

Fomu ya visa niliijaza mimi mwenyewe, nani mwingine angeijaza. Penye sababu ya safari niliandika: utalii. Ubalozi uko Riyadh na kila mwombaji wa Kenya alitakiwa afike mwenyewe. Baba alikuwa na mkutano huko Riyadh, mtaa wa Olaya, siku hiyo, kwa hiyo tuliondoka Jeddah kwa ndege ya asubuhi. Kabla ya kwenda mkutanoni aliniacha kwenye mlango wa ubalozi na bahasha: paspoti yangu, picha, na karatasi ya ruhusa ya kutoka na kurudi aliyokwisha kunikatia, kwa kuwa bila ruhusa ya kafili, yaani mwajiri wako, hutoki nchi ile. Niliifungua paspoti kwenye kiti cha kungojea. Sikuwa nimeiona tangu uwanja wa ndege. Nilikuwa mnene zaidi kwenye ile picha, na nilikuwa natabasamu kijinga.

Dirishani alikuwepo mama mmoja mwenye mvi, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba. Alikuwa mpole. Kama angekuwa mkali, labda ningeogopa na kujibu nilivyofundishwa.

"Unakwenda Argentina kufanya nini?" aliniuliza kwa Kiingereza.

"Utalii."

"Vizuri. Unataka kuona nini huko?"

Mimi! Mimi niliyejua daftari zima kwa kichwa, niliyejua jina la kila ziwa na saa ya kila ndege! Ningeweza kumhubiria nchi yake hadi jioni. Nikafungua mdomo, na kilichotoka sikukipanga.

"Sitaki kuona chochote," nilisema. "Huko naenda kazini. Likizo yangu ni ya kwenda kwetu. Mama yangu alikufa na sijaona kaburi lake."

Akaniuliza kama nimelazimishwa. Nikamwambia nimeambiwa niseme alhamdulillahi. Sidhani alinielewa, lakini aliivaa miwani yake, akaniuliza mara mbili kama nina uhakika, kisha akanirudishia karatasi zangu na kusema ombi limeondolewa. Nilitoka nje. Nilikuwa na hasira hata ningeweza kung'oa lile geti.

Baba nilimwambia ndani ya gari, sikungoja aulize. Jeddah usiku ule madam alipiga kelele hadi bibi akaamka: nimemwaibisha, nimewatukana mbele ya wageni, nilikula chakula chake miaka miwili. Nami nilimjibu, kwa mara ya kwanza. Nilimwambia daftari ni langu na Argentina ni yangu na mama ni wangu. Alinyanyua kiatu. Baba akakishika.

"Nimefunga kutwa," baba akamwambia, "na mwezi ni wa Ramadhani. Sitaki marehemu wa watu anidai Siku ya Kiyama. Mkataba wake unakwisha, ruhusa anayo. Aende kwao."

Sikumshukuru. Haki yangu nilipewa kwa sababu mtu aliogopa Kiyama, na kama tungekuwa mwezi mwingine sijui ingekuwaje. Lakini nilikwenda. Agosti nilisimama kaburini na ndugu zangu, kwaya ikaimba, mjomba mkubwa akahutubia hadi jua likapanda. Saruji ya kaburi ilikuwa imeshapata ufa, nikaulalia nikalia mpaka sauti ikakauka. Hakuna aliyeniambia ninyamaze. Niliondoka nyumbani nikiwa mwepesi, na nikarudi Jeddah kwa miaka mingine miwili kwa sababu sikuwa na kazi nyingine.

Ijumaa ya kwanza tulikwenda kula chakula cha mchana kwa dada yake madam. Kule kulikuwa na wafanyakazi wawili. Mmoja wao alikuwa Mwindonesia mtu mzima, miaka mitatu hajaona kwao, mwanamke ambaye kila Ijumaa alikuwa akinifichia kipande cha kuku. Nilipoingia jikoni alikuwa peke yake, anaosha glasi. Aliniuliza kwa Kiarabu chake kifupi kama nimewaona ndugu, kama kaburi nimeliona. Nikasema nimeliona. Nikamuuliza na yeye kama alikwenda kwao Idi, maana kabla ya Ramadhani alikuwa ameniambia sanduku lake liko tayari, amewanunulia hata miswala.

"Sikwenda," akasema. "Argentina."

Nilishika ukingo wa sinki. Nilikuwa nimekaa nyumbani mwezi mzima nisijiulize hata mara moja ni nani aliyemshika mtoto kwenye theluji. Madam hakuvunja safari. Alimwomba dada yake mmoja wa wafanyakazi wake, na safari hii alikwenda naye Riyadh mwenyewe, akasimama naye dirishani, akamjibia maswali yote kwa sababu huyu hakujua Kiingereza.

"Walisema ndiyo likizo yangu," Mwindonesia akasema.

Maneno yaleyale. Nilitaka anitukane, anitemee mate, anipige na zile glasi. Nilitaka kwenda sebuleni nikapindue meza ya watu wanaoonyeshana picha. Sikufanya lolote. Nilichukua kitambaa nikaanza kukausha, na yeye akawa ananipa glasi moja baada ya nyingine bila kunitazama.

"Mama yangu ana miaka themanini na mbili," akasema. "Macho yake yanaisha. Wa kwako, kaburi lake haliendi popote."