Shibiri Moja ya Kuti

Eda ya mama yangu ilikwisha kwa hesabu ya dini: miezi minne na siku kumi. Kwa hesabu yake mwenyewe ilikuwa inaingia mwaka wa tatu. Nguo za eda alikwisha kuzivua, lakini nje ya lango la ua wetu hapa Msambweni hakutoka, isipokuwa kwenda kwa daktari, tena nikimvuta. Harusi zilipita, maulidi yakapita, dada yake wa Mkongani akapata mjukuu, naye mama yumo chumbani ameelekea ukutani. Chai alikunywa nusu kikombe. Ugali aliubonyezabonyeza tu. Niliona wazi kwamba tukiendelea hivi nitamzika na yeye, na lililoniudhi zaidi ni kwamba hakuna mwingine aliyeliona.

Wajomba walisema, "Mwambie awe na subira." Shangazi wakasema asilie, anamtesa marehemu kaburini. Kila aliyekuja alikuja na neno hilohilo, akanywa chai yangu, akaondoka. Nilifika mahali nikalichukia neno subira, Mungu anisamehe.

Mimi nami nilikuwa na dawa yangu. Kabla ya baba kufa, mama alikuwa mshona makuti. Hoteli nyingi za Diani huezekwa kwa makuti, na mkono wake ulijulikana: alikunja majani ya mnazi juu ya kijiti, akayapiga uzi, kuti moja baada ya jingine, huku mazungumzo yakiendelea. Nikasema akishika kazi atachangamka. Kila mwisho wa mwezi nilimletea majani makavu, nikayapanga nyuma ya nyumba. Hakuyagusa. Nikaleta mengine. Yalifika kimo cha dirisha, na walioyafurahia ni mchwa.

Daktari wa presha ndiye aliyetuelekeza kwa mshauri nasaha. Tulimkuta msichana wa bara, mwema, lakini alimsalimu mama, "Sasa mama, uko poa?" Mama aliniangalia mimi, si yeye. Wiki nzima nyumbani sikusikia ila habari za mtoto asiyejua shikamoo. Wiki ya pili nilitangulia mimi kuingia, nikamfundisha yule binti. Alipoisema, kwa lafudhi yake ya bara, mama akaitikia marahaba na akakaa.

Mshauri alinieleza kwamba iko huzuni inayoganda, hasa kwa wazee, na haiondoki kwa kuambiwa iondoke. Inabidi isemwe. Mama angesimulia siku ya kifo mwanzo hadi mwisho, macho ameyafumba, sauti yake irekodiwe kwenye simu, kisha nyumbani aisikilize kila siku.

"Lakini wewe usisikize, madam," akaniambia. "Hiyo ni yake."

Nilikasirika. Mimi ninayemfulia na kumlisha, ninayeomba ruhusa kazini kila wiki hadi mwalimu mkuu ananikunjia uso, nisilijue la mama yangu, alijue mgeni wa juzi? Hata hivyo nilitii. Alasiri, mama alipofungua simu yangu ya zamani, nilikwenda kuchuma mchicha mwisho wa shamba, nikichuma na mizizi yake kwa hasira.

Tulilolisahau sote ni masikio ya mama. Hasikii vizuri, kwa hivyo aliifungua sauti hadi mwisho, na dirisha lake limetazamana na ua wa jirani. Wakasikia mwanamke anasimulia kifo huku analia. Huku kwetu kilio hakisubiri maelezo. Ukikisikia unajitanda leso, unabeba sukari, unakwenda.

Siku moja nilipochelewa kurudi kutoka shuleni ninakofundisha, nilikuta viatu vya wanawake vimejaa mlangoni. Nilijua ni mama. Niliingia nimeshikilia ukuta, na mama ndiye aliyekaa katikati ya mkeka, mzima, amefadhaika, pakiti za sukari zimemzunguka.

"Nimewaambia hakuna msiba," akasema. "Hawasadiki."

"Mbona kilio tumekisikia?" akauliza bibi wa nyumba ya pili, mkubwa wao wote. "Aliyefiwa ni nani?"

"Ni mimi, dada," mama akajibu. "Ni msiba uleule."

Nilikwenda jikoni kutia chai, nikilingoja lile neno subira kwa ngumi. Lakini wale walikuja kwa msiba na walikwisha kukaa, na penye msiba mtu huulizwa marehemu aliondokaje. Bibi akauliza. Niliporudi na sinia la vikombe, mama alikuwa anasimulia kwa kinywa chake, simu imezimwa.

Baba alimwita kutoka kitandani, akaomba maji ya dafu. Mama alikuwa barazani anashona kuti. Akamjibu, "Ngoja nilimalize hili." Akalimaliza. Alipoingia na dafu mkononi, baba alikwisha kukata roho.

Kisha bibi akauliza, "Lilikuwa limebaki kiasi gani?"

Mama alipanua kiganja, kidole gumba hadi cha mwisho. "Shibiri moja."

"Shibiri moja," bibi akarudia, akaanza kulia yeye. Hakumwambia anyamaze. Hakumwambia lolote.

Walipoaga, bibi alikawia mlangoni kuvaa viatu, na mama, kwa adabu aliyolelewa nayo, alijitanda leso akamsindikiza. Nilidhani atakomea langoni. Wakalipita lango, wakafuata njia ya msikitini polepole, wameshikana mikono, mimi nimesimama uani na sinia la vikombe vitupu.

Aliporudi nilikuwa na hasira nisiyojua niiweke wapi. Nilimuuliza kwa nini amewaambia majirani, asiniambie mimi, mwanawe, miaka yote hii.

Alikuwa anavua viatu. Kwenye nyayo zake palikuwa na mchanga wa njiani.

"Hukuniuliza, mwanangu," akasema, wala hakuwa na ukali. "Wewe uliniletea majani."