Mguu Wangu Kwenye Akseleta ya Pikapu

Mume wangu aliamini kwamba dainamo, ile mashine ya kujaza betri, inakula nguvu za injini. Kwa hiyo, wiki moja kabla ya mashindano ya magari pale Kebirigo, aliifungua dainamo ya gari lake dogo, akaifunga kwenye gunia na kuisukuma chini ya kitanda chetu.

"Litakimbia kwa betri tu," akaniambia.

Nilikuwa mwalimu wa darasa la tatu. Sikujua mengi kuhusu injini, lakini nilijua kwamba kitu kinachotumiwa bila kujazwa huisha. Nikamwambia. Akacheka.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, na mashindano yaliangukia Jumamosi. Ndugu yake, aliyekuwa dereva wa pikapu ya gereji yao, alikuwa Msabato. "Siku nyingine yoyote, kaka, lakini si leo," alisema, na hakuna aliyebishana naye. Nikabaki mimi wa kuendesha pikapu. Nilikuwa nimejifunza kuendesha kwenye uwanja wa shule, nikizunguka magoli. Barabara sikuwahi kuigusa.

Asubuhi hiyo nililivuta gari la mashindano kwa kamba maili nne, mume wangu akiwa ndani yake akishika usukani, ili betri isiguswe mpaka wakati wa kuanza. Watu walitoka kwenye mashamba ya chai kutazama. Mama mmoja akapiga kelele, "Ni mwanamke anaendesha!" Nikaogopa kumpungia mkono nisije nikaachia usukani.

Magari yalikuwa tisa. Yangekwenda Gesima na kurudi, yapumzike saa moja, kisha yarudie. Kila mara dereva alitakiwa kuwasha gari mwenyewe, ukisukumwa, umetolewa.

Mzunguko wa kwanza mume wangu alirudi wa nne, uso mwekundu kwa vumbi. Alipovuka mstari tu, injini ikakohoa ikazima. Akajaribu starta. Ikasema *tiki*, ikanyamaza.

Akanitazama.  Niliwasha pikapu nikaileta mpaka pua yake ikakaribiana na ya gari lile. Akatoa waya mbili nene, akaunganisha betri ya pikapu na ya gari lake, akirudiarudia, "Chanya kwa chanya, hasi kwa hasi," kama wanafunzi wangu wakisoma jedwali la kuzidisha.

"Sasa kanyaga, Mwalimu. Usikanyage sana, wala usiachie."

Nikakanyaga. Kwenye dashibodi kulikuwa na sindano ya kuonyesha umeme. Nilipokanyaga ilipanda, nilipolegeza ikaanguka. Basi nikaitumbulia macho sindano ile kana kwamba ningepepesa ingetoroka. Dakika ishirini. Goti likaanza kuuma. Watu wakajaa pande zote, wengine wakiuliza kama gari linanyonya. Kweli lilikuwa linanyonya!

Kisha mvuke ukaanza kutoka kwenye rejeta ya pikapu.

"Zima! Itapasuka!" mume wangu akasema. "Dakika hizo zinatosha."

"Hazitoshi! Leta maji!"

Sijui sauti ile niliitoa wapi. Akina mama waliokuwa wakiuza ndizi sokoni wakaja na madebe, wakamwaga maji juu ya rejeta, wakarudi kuteka mengine. Mume wangu alisimama katikati ya mvuke akiomba wamwagie polepole. Mimi sikuinua mguu. Niliuinua tu pale msimamizi alipopiga filimbi ya kuita madereva, nikagundua kwamba siusikii kabisa.

Waya zikatolewa. Madereva wakasimama upande wa pili wa barabara, bendera ikashuka, wakakimbilia magari. Nilifumba macho. Nikasikia starta yake: *rrrr*, halafu ngurumo! Niliruka kutoka kwenye pikapu, mguu uliokufa ganzi ukakataa kunibeba, nikaanguka kwenye nyasi nikishangilia.

Alirudi wa pili. Nafasi ya pili, kati ya magari tisa! Injini ilizima tena hatua chache baada ya mstari, lakini nani alijali? Wale akina mama wa ndizi walimbeba juu juu, kisha wakaja kunibeba na mimi.

Tukafunga kamba tena kwa safari ya kurudi. Mchana ulikuwa bado mweupe, barabara ilikuwa wazi, na usukani sikuuogopa tena. Tulipofika kwenye kona ya kwetu, sikukata.

Kwenye kioo nilimwona mume wangu akitoa kichwa dirishani. "Mwalimu! Nyumbani ni huku!"

Nilimsikia vizuri sana. Nikabadilisha gia, nikamvuta mpaka mjini Nyamira, nikapiga honi njia nzima.