Nimesimama, Nimepigiwa Makofi

Leo ukumbi mzima umeshangilia cherehani yangu.

Ngoja niwaelezee.

Mwaka ulipoanza, mi na muzee wangu, Baba Ketsia, tulikaa mezani tukaandika karatasi ya matumizi ya pesa. Kwanza minervali ya shule, watoto wasome. Pili cherehani, nishone nyumbani, niache kukodi ya watu kule Jabe. Kutwerera, kuchangia harusi za watu: APANA.

Hiyo "apana" aliiandika yeye, na mistari miwili chini yake. Karatasi iko kwa mulango wa kabati mpaka sasa.

Dada yangu alipokuja kuomba tumuchangie harusi ya mutoto wake, nilimuonyesha karatasi. Aliisoma, akachukua mukoba wake, akaenda. Hatuongei tangu siku hiyo.

Sasa leo, harusi ya binti wa bosi wa muzee wangu. Munajua vile msemaji anasoma waliotwerera, jina na pesa, kwa mikro.

"Baba na Mama Ketsia, elfu mia nane! Wasimame tuwaone!"

Elfu mia nane. Yote. Ile tuliyoweka ya cherehani.

Nikamuangalia Baba Ketsia. Anatengeneza tai.

"Simama basi, watu wanatuona."

Nikasimama, jamani. Nikacheka. Hata mukono nikapunga!

Tulipotoka nikamuuliza, na ile karatasi yetu?

Akanijibu polepole, kama mutu anamufundisha mutoto: "Mama Ketsia, ile apana ilikuwa ya watu wa kwenu."

Muniambie nyinyi. Dada yangu nikimupigia simu, nianze na neno gani?