Mchimba Visima Ukingoni mwa Kalambo

Kwa miaka ishirini na tisa mimi na Polikarp tumechimba visima pamoja, yeye chini, mimi juu na kamba. Mtaa wetu wote wa Mazwi, Sumbawanga, wanamwita Poli wa Visima. Jina hilo lingetutosha wawili, lakini mvuta kamba hapewi jina, nimeshazoea.

Sifa yake kubwa ni sikio. Ukimwita kwenye kisima cha zamani, anaokota kijiwe, anasimama ukingoni, anakiachia na kuhesabu kimoyomoyo mpaka akisikie kikigonga maji. Kisha anakwambia: pima kumi na mbili. Teremsha kamba kama unabisha, uipime kwa mikono iliyonyooshwa, utakuta kumi na mbili. Watu huacha shughuli zao waje kumtazama, naye hujifanya hawaoni. Ana majivuno yule mzee, msimwone hivi.

Mwezi wa nne mwaka huu tulikuwa tunasafisha kisima cha mtu ambaye hakutaka kusubiri kiangazi. Udongo ulikuwa umelowa, na mimi niliona, nikanyamaza. Hilo bado linaniuma. Ukuta ukaporomoka, ukamfukia Polikarp hadi kifuani. Tulimtoa mzima, hata mfupa haukuvunjika. Lakini tulipoitwa kazi nyingine wiki iliyofuata, alifika hatua tatu kabla ya shimo, akarudi kinyumenyume, akageuka kurudi nyumbani.

"Lazaro," aliniambia njiani, "usimwambie mtu."

Tukasema mgongo unamsumbua. Mkewe, Gaudiosa, akawa anamchua kila jioni kwa mafuta ya moto, miezi mitatu, mgongo usio na kasoro yoyote. Kazi ikasimama. Nilikuwa nakwenda pale kwake nakunywa chai, tunazungumzia mahindi. Kila siku nilingoja aseme ataendelea au ameacha, na yeye hakusema.

Sabasaba ilipofika, Jovina, binti yao anayefundisha Mpanda, akaja likizo na neno moja tu: Kalambo. Wazungu wanavuka bahari kuja kuyaona maporomoko yale, alisema, na sisi tumezeekea Ufipa hatujayaona. Akakodi gari, Noah. Asubuhi Sumbawanga baridi ilikuwa inauma mpaka meno, basi tukapanda na makoti, masweta na mablanketi mawili. Kufika Matai jua limewaka. Tulipoteremka mwisho wa barabara tulikuwa tunatoka jasho, kila mtu na mzigo wa nguo begani, mngedhani tunapeleka mitumba gulioni.

Maporomoko tuliyasikia kabla ya kuyaona. Halafu, bila taarifa, nchi ikakatika. Sijui niseme vipi. Mto unakuja taratibu kama mto wowote, unafika ukingoni na kujiachia, na maji yanaanguka, yanaanguka, ukidhani yamefika bado yanaanguka, hadi yanageuka moshi kule chini kabisa. Upande wa pili wa bonde ni Zambia. Chini yetu, narudia, chini yetu, walikuwa wanaruka ndege wakubwa aina ya korongo. Nina miaka hamsini na minane, na siku ile ndipo nilipouona mgongo wa ndege aliye angani. Nilishika kofia yangu kwa mikono miwili ingawa hapakuwa na upepo. Gaudiosa akafanya ishara ya msalaba.

"Jamani," akasema, "kumbe siku zote tulikuwa tunalima karibu na kitu hiki!"

Polikarp alikuwa nyuma kama hatua thelathini, anahangaika na kifungo cha shati.

"Baba!" Jovina akaita. "Njoo upime!" Akaanza kuwasimulia wageni wengine tuliowakuta pale, pamoja na askari wa hifadhi, habari za kijiwe. Watu wakafurahi, wakampigia makofi.

"Mwache mwanangu, mgongo huo," nikasema.

"Baba mdogo, kijiwe hakihitaji mgongo."

Polikarp akainama, akaokota jiwe. Nilimjua: heri angeanguka mle ndani kuliko kuaibika mbele ya binti yake. Askari akasema anayetaka kuchungulia alale kifudifudi, kila mtu, hata vijana. Polikarp akaja hatua kwa hatua. Zilipobaki tano akakaa chini. Uso umemshuka, jiwe limo mkononi, na watu wanamtazama.

"Jovina," akasema, tena kwa sauti ambayo wote waliisikia, "mimi siku hizi naogopa shimo. Tangu lile liliponifukia. Mgongo hauna kitu."

Mimi nikatazama viatu vyangu.

"Nilijua," akasema Gaudiosa. "Miezi mitatu nauchua, nisijue mgongo mzima ukoje? Nilikuwa nakungoja wewe mwenyewe, baba Jovina."

Akavua kanga ya mabegani, akaitandika juu ya mwamba, akalala kifudifudi. "Na mimi naogopa. Yule kijana mwenye miwani naye anaogopa, mtazame alivyoshika majani. Njoo."

Polikarp akaja akitambaa kwa tumbo, taratibu, Gaudiosa amemshika mkono. Akatoa kichwa ukingoni. Akanyoosha mkono na kuliachia jiwe. Nikaona midomo yake ikihesabu. Ikahesabu weee, kisha ikaacha. Hakuna kilichosikika ila ngurumo ya maji. Nilidhani ataona haya. Badala yake akaanza kucheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu masika, na machozi yanamshuka.

"Maji yote haya," akasema, "na hakuna aliyeyachimba!"

Walilala pale hadi askari akaja mara mbili kuwakumbusha muda. Nami nilikuwa nimelala pembeni yao, sitaki kuondoka, natazama ndege wanavyozunguka kule chini.

"Lazaro," akasema Polikarp bila kugeuka. "Mimi shimoni siingii tena."

Kamba ile ndiyo iliyosomesha watoto wangu, na sina kazi nyingine ninayoijua. Lakini nilipomsikia nilijisikia mwepesi mwili mzima.

"Sawa, kaka," nikamwambia. "Na mimi nilikuwa naogopa kukushusha."